Tulikhitimu, tukaishia Safina, tukaingia sokoni: faradhi ya elimu inamdai nani?

Mkulima wa Mgelema (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu wa Unguja, wa Pemba na mlioko nje.

Nyuzi nyingi za dini humu zinazungumzia watoto. Mtoto aende chuoni kusoma Qurani saa ngapi, twisheni inamla muda wake, maalim mkali, maalim mpole. Ni mazungumzo ya kheri. Leo naomba tumuache mtoto, tujitizame sisi tuliokwisha kuoa na kuolewa. Mtume (S.A.W.) amesema kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, hadithi aliyoipokea Ibn Majah. Mtoto hajafikiwa na faradhi. Kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Anayedaiwa ni baba mtu na mama mtu, na wao ndio waliokaa barazani baada ya Alasiri wakati mtoto yumo chuoni.

Safari yetu ya kawaida tunaijua sote. Alifu, be, te. Kisha Juzuu Amma, kisha Msahafu, kisha hitima, watu wakala, bibi akalia kwa furaha. Mwenye bahati akaongezwa Safina, kitabu cha mwanzo cha fiqhi: nguzo za udhu, sharti za sala, yanayobatilisha funga. Hapo ikaja sekondari, ikaja mitihani, yakaja maisha, na chuo kikawa kimekwisha.

Sasa itizameni Safina yenyewe. Kitabu chembamba, kimewafaa watu wa pwani hii vizazi na vizazi, Mwenyezi Mungu amrehemu aliyekitunga. Lakini hakina mlango wa biashara. Hakina nikahi wala talaka. Hakina mirathi. Aliyeishia hapo anajua kinachotengua udhu wake na hajui kinachobatilisha mauzo yake. Na kwa elimu hiyo hiyo ndiyo tukaingia sokoni, tukaoa, tukazika wazee wetu na tukakaa kugawana mashamba yao.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameieleza faradhi hii vizuri sana katika kitabu chake Ihyaa. Anasema mtu akisilimu wakati wa dhuha, wajibu wake saa ile ni kuzijua shahada mbili na maana yake. Jua likipinduka, Adhuhuri imeingia, sasa imemlazimu kujifunza tahara na sala. Ukija Ramadhani imemlazimu elimu ya funga. Akipata mali, elimu ya zaka. Akiwa mfanya biashara, imemlazimu ajue riba ili aiepuke. Yaani kila hali mpya inayokuingia inakuja na elimu yake, na ukiingia katika hali kabla ya elimu yake umeingia na deni. Ndiyo maana faradhi hii haina siku ya kukhitimu.

Na Sayyidna Umar (R.A.) alisema, kama alivyopokea Tirmidhi: asiuze katika soko letu ila aliyejifunza dini. Soko la Madina lile, mtu alitakiwa awe na elimu ya kuuza kabla hajatandika bidhaa yake.

Nije kwetu. Mimi ni mtu wa mikarafuu, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Miezi kabla ya msimu, mwenye shamba ana shida: harusi, matibabu, ada ya mtoto. Anakuja mwenye fedha. Wanazunguka shambani pamoja, wanatizama juu, wanakisia, wanapeana mkono: mikarafuu ya msimu huu ni yako. Karafuu hazipo bado. Ikizaa kidogo aliyetoa fedha analia. Ikizaa sana na bei ikiwa nzuri mwenye shamba analia. Hapa kijijini kwetu niliwaona watu wawili, mama zao ndugu wa tumbo moja. Mwaka ule mikarafuu iliinama kwa uzito. Mwenye shamba alikuwa akija jioni anasimama ukingoni mwa jamvi, anatizama pishi za mwenziwe zikianikwa, hasemi neno. Akichukua karafuu moja, anaivunja kwa kucha kusikiliza imekauka vipi, anairudisha. Msimu ulipomalizika walikuwa hawaamkiani, na mpaka leo kila mmoja anasali msikiti wake.

Haya yalitokea Madina kabla ya kutokea kwetu. Zayd bin Thabit (R.A.) anasimulia katika Bukhari kwamba watu walikuwa wakiuziana matunda mapema, msimu ukifika mnunuzi anasema tende zimepata maradhi, zimeoza, zimepata hivi, wanagombana, ugomvi ulipozidi ndipo Mtume (S.A.W.) akawaambia wasiuziane matunda mpaka yaonekane kuwa yamefaa. Katika hadithi ya Anas (R.A.) akauliza: unaonaje Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, mmoja wenu atachukua mali ya nduguye kwa kitu gani? Mtume amemuuliza suali hili kila mwenye fedha anayetembea shambani kwangu akitizama juu.

Dini haikumuacha mwenye shida bila ya njia. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina alikuta watu wanalipana fedha mapema kwa tende za mwaka mmoja na miwili mbele. Hakuifunga njia hiyo, aliitengeneza: anayelipa mapema na alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Hii ndiyo biashara ya salam. Kwa lugha ya shambani: unaniuzia kilo kadhaa za karafuu kavu, daraja fulani, unanikabidhi tarehe fulani, na fedha zote nakupa hapa hapa kabla hatujaachana. Hufungamani na shamba hili wala mikarafuu ile. Shamba likikosa, deni lako liko pale pale na utazitafuta kwengine. Kila mmoja anajua anachotoa na anachopata.

Mlango wa salam umo ndani ya Abu Shujaa, kitabu ambacho kwa kawaida hufuata baada ya Safina. Wale ndugu wawili walikuwa kurasa chache tu nyuma ya jibu lao.

Naomba michango. Katika hali uliyonayo sasa, kazi yako, ndoa yako, mali yako, ni mlango gani wa elimu ambao ulitakiwa uusome kabla hujaingia?

Ukhti wa Mwembetanga

Waalaykum salaam warahmatullah, kaka yangu. Umesema kuhusu mikarafuu, mimi niseme kuhusu mwanamke.

Nilifiwa na mume. Siku ile ya msiba kila aliyeingia mlangoni alikuwa na hukumu yake ya eda. Mmoja anasema nisichane nywele. Mwengine nisitizame mwezi, nisiongee na kaka yangu mwenyewe. Bibi mmoja akasema nisioge mpaka Ijumaa. Nilikuwa na huzuni zangu na sikuwa na nguvu ya kumuuliza mtu yeyote ameyatoa wapi. Mpaka alipokuja mwalimu wetu mmoja wa darsa, mwanamke mtu mzima, akakaa chini kitandani pangu akanambia taratibu: miezi minne na siku kumi, iko katika Suratul Baqara aya ya 234. Ukiwa mjamzito, eda yako ni mpaka ujifungue. Usijipambe, usitie manukato, usihame nyumba bila ya dharura. Kuoga oga mwanangu, na kichwa chako kichane.

Lile suala la kuoga tu, nilihisi kama nimefunguliwa kamba.

Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia wanaume wametushinda kukupata, tupangie siku yetu. Akawapangia, akawafundisha. Imo Bukhari. Na Bibi Aisha (R.A.) amewasifu wanawake wa Kiansari kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Sisi haya inatuzuia. Kuna wanawake wameolewa, wamezaa, wana wajukuu, na hawajui siku za hedhi zinaishia wapi na istihadha, damu isiyokuwa ya hedhi, inaanzia wapi, kwa hiyo hawajui sala zipi wanadaiwa. Suala hilo haliulizwi mbele ya wanaume, na waume zao hawaliulizi kwa niaba yao.

Halafu mirathi. Aya iko wazi, Suratun Nisaa aya ya 12: mke ana thumuni, sehemu moja ya nane, kama marehemu ameacha mtoto, na robo kama hakuacha. Ni wajane wangapi wameambiwa "wewe kaa tu humu ndani, watoto watakutunza" na thumuni yao ikaliwa na mashemeji? Mjane mwenyewe anashukuru, kwa sababu hajui kama anadhulumiwa. Kadhi hawezi kukurudishia haki ambayo hukwenda kuidai.

Kwa hiyo ukiniuliza mlango wangu, ni nikahi na yanayoifuata: talaka, eda, mirathi. Mimi ningependa msichana asipelekwe kwa mumewe kabla hajausoma mlango huo mbele ya mwalimu wa kike. Tunamtafutia kungwi, tunamtafutia mpiga hina, tunamtafutia nguo. Tumtafutie na huyo.

Baharia wa Kojani

Mkulima, maneno yako mazuri lakini yanamfaa mtu wa nchi kavu. Darsa ziko baina ya Magharibi na Isha. Saa hizo sisi tuko baharini. Tukienda dago ndiyo kabisa, tunakaa huko tunalala ufukweni, msikiti wenyewe hatuuoni. Mtu anarudi alfajiri mikono imechubuka kwa kamba, unamwambia aende kusoma mlango wa biashara?

Na suali langu mimi ni hili, maana umetaka tuseme hali zetu. Tajiri ananikopesha fedha za mashine ya chombo. Hataki riba. Sharti lake moja: samaki wote nimuuzie yeye, kwa bei anayoipanga yeye, mpaka nimalize deni. Bei yake ni chini ya bei ya diko, soko la samaki la pwani, kila siku. Kojani, Unguja, pote nilipovua nimekuta utaratibu huu. Kuna ubaya?

Mkulima wa Mgelema

Baharia, nakushukuru kwa kusema ukweli ulivyo.

La muda kwanza. Sayyidna Umar mwenyewe alikuwa na shida yako. Alikuwa akikaa upande wa juu wa Madina na kazi zake huko, hakuweza kuhudhuria kila siku. Akafanya zamu na jirani yake wa Kiansari: leo unateremka wewe kwa Mtume, kesho nateremka mimi, na kila anayekwenda anamletea mwenziwe yaliyoteremka na yaliyosemwa siku ile. Bukhari ameiweka hadithi hii katika Kitabu cha Elimu. Chombo chenu kina watu wangapi? Wanaweza wote kukosa darsa siku moja, lakini hawawezi kukosa mtu mmoja wa kubakia zamu, asome, awasomee wenziwe wakiwa wanatengeneza nyavu.

La tajiri wako, mafaqihi, wanazuoni wa sheria za dini, wana kanuni: kila mkopo unaovuta manufaa kwa mkopeshaji kwa sharti, ni riba. Hataki riba ya fedha, lakini kila ndoo ya samaki unayompa chini ya bei ya soko inamlipa kitu juu ya deni lake. Mimi si mufti, na hukumu ya mkataba wako upate kwa sheikh anayekusikiliza wewe na yeye. Lakini zipo njia nyengine za kushirikiana, naye tajiri apate faida yake kwa halali: awe mshirika mwenye fungu lake katika mgao, achukue faida chombo kikipata na abebe hasara kikikosa. Muda wote huo mnaolipana nyote mna nia njema. Mlichokosa ni mtu aliyesoma.

Kijana wa Mkoani

Nyie wazee mnaifanya ngumu. Siku hizi elimu iko kwenye simu. Masheikh wakubwa wa dunia nzima wako YouTube, ukiuliza kitu dakika mbili umejibiwa. Mimi nafuata masheikh kama ishirini, kila siku nasikiliza vipande vyao. Mtume mwenyewe amesema tafuteni elimu hata China, sasa China imekuja mkononi, mnatuambia turudi tukakae kwenye mkeka na kitabu cha kurasa za njano?

Mzee wa Malindi

Kijana wangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie hima, maana ishirini ni wengi na wengine hawasikilizi hata mmoja. Ila nivumilie nikwambie mambo mawili matatu.

Hilo la China si hadithi sahihi. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, na wapo waliosema imezuliwa. Umeisikia mahali, ukaipenda, ukaibeba, leo umemnasibishia Mtume (S.A.W.) neno mbele ya watu wote humu. Aliyekaa na kitabu mbele ya mwalimu angekatizwa pale pale aliposema. Kipande cha dakika mbili hakikukatizi. Hakijui umeelewa nini. Hakijui kama wewe ni Mshafi, Muibadhi au umechanganya, hakijui kama suali lako lina jambo umelificha.

Jabir bin Abdillah (R.A.), sahaba wa Mtume, alisafiri mwendo wa mwezi mzima kumfuata Abdullah bin Unays kwa ajili ya hadithi moja tu. Hadithi yenyewe ilikuwa imeshamfikia kwa watu. Alitaka aisikie kwenye kinywa cha aliyeisikia kwa Mtume.

Na ya hapa hapa kwetu mnayajua? Sayyid Ahmad bin Sumeyt alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Alikwisha kushika ukadhi hapa Unguja zama za Sayyid Barghash. Kadhi! Watu wanamjia awahukumu. Akauacha, akasafiri Hadhramaut kwenda kukaa mbele ya walimu, akafika Istanbul, akafika Misri, akarudi hapa mwaka 1888 na akarudi katika ukadhi akiwa mtu mwengine kwa elimu. Angeweza kusema mimi nishafika. Rafiki yake, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, naye akasafiri, kisha akafungua madrasa pale Ukutani, ndani ya Mji Mkongwe, wakawa wanakuja wanafunzi kutoka pwani nzima. Huyu Bakathir ndiye aliyekwenda mpaka Cape Town kuwasuluhisha Waislamu wa kule waliogombana kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Watu wa mbali vile walihitaji mtu aliyesoma, na mtu huyo akatoka katika vichochoro hivi tunavyopita kila siku kwenda Darajani. Wote wawili wamefariki mwaka mmoja, 1925.

Waliokuja baada yao mmoja ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa hapa 1912. Mwalimu wa skuli za serikali, msomi wa dini, akawa Kadhi Mkuu wetu, baadaye wa Kenya. Tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969. Nataka uzingatie kwamba mtu huyu alikaa miaka na miaka anatafsiri ili mama yako na shangazi yako, wasiojua Kiarabu, wafungue Msahafu waelewe. Iko majumbani kwetu. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Simu si adui. Sikiliza, na mimi nasikiliza. Lakini shika kitabu kimoja, na mwalimu mmoja unayeweza kumfuata baada ya sala ukamwambia hapa sikuelewa, usome kutoka bismillahi mpaka mwisho. Vipande ishirini vya masheikh ishirini ni kama kokwa za miti ishirini mfukoni: mpaka upande moja, huna kivuli.

Na kuna hadithi ya Abu Daud inayonitisha. Mtu alijeruhiwa kichwani safarini, akapata janaba, akawauliza wenzake kama anaweza kutayammam, yaani kujitoharisha kwa udongo badala ya maji. Wakamwambia hakuna ruhusa, oga. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema: wamemuua, kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui? Dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale waliomjibu walikuwa Waislamu wema, walijibu kwa walichokidhani.

Kijana wa Mkoani

Shukran mzee wangu. Hiyo ya Jabir nilikuwa sijaisikia. Kitabu cha kuanzia ni Safina hiyo hiyo au niruke?

Mzee wa Malindi

Usiruke. Wengi wanaojiona wameipita Safina, ukiwauliza faradhi za udhu kwa mpangilio wanasita ya tatu. Ipitie tena mbele ya mwalimu, kwa mtu mzima haichukui muda mrefu. Kisha Abu Shujaa, na hapo usikimbie ukifika Kitabul Buyuu, mlango wa biashara.

Mwenye Shamba Mtambile

Mkulima, nina suali la kishamba kweli kweli. Hadithi inasema mpaka matunda yaonekane kufaa. Tende zinaonekana zinapogeuka rangi. Sisi karafuu hatuchumi tunda. Tunachuma kabla haijachanua, ikishachanua thamani imekwenda. Sasa "kufaa" kwake ni lini? Nikimuuzia mtu karafuu zilizokwisha kutoka, mbichi, zinaonekana, ila bado wiki kadhaa kuchumwa, nimeingia katika kukatazwa au nimetoka?

Na jengine, wapo wanaosema sisi hatuuzi karafuu, tunakodisha mikarafuu, kama mtu anavyokodisha nyumba.

Mkulima wa Mgelema

Hili suali nililipeleka kwa sheikh wetu, na nilipenda alivyolijibu. Alisema mafaqihi hawakuifanya rangi ya tende kuwa kipimo cha kila kitu. Kila zao lina kufaa kwake kwa jinsi watu wanavyolitumia. Matango hayangojewi yawe manjano. Yakifika ukubwa wa kuliwa yamefaa. Kwa hiyo karafuu, kufaa kwake ni pale inapofika hali ambayo wachumaji wanaichuma, kichwa kimejaa, rangi imeanza kuwa ya waridi. Kabla ya hapo, katika madhehebu yetu ya Kishafi, huuzi ila kwa sharti la kuzichuma hapo hapo, na hakuna anayenunua karafuu changa azichume siku ile ile.

Kuhusu kukodisha: nyumba unakodisha manufaa, mpangaji anakaa, nyumba inabaki. Mikarafuu mtu haikodishi akae chini yake. Anachotaka ni karafuu, na karafuu ni kitu chenyewe kinachochukuliwa kikaenda. Ndiyo maana wanazuoni wengi wameona ni mauzo ya tunda lisilokuwepo yaliyovaa jina la kukodi. Ibn Taymiyya alikuwa na rai nyengine, akitolea dalili kwamba Sayyidna Umar alilikodisha shamba la Usayd bin Hudayr baada ya kufariki ili alipiwe deni lake. Kwa hiyo suala lina mazungumzo, na sheikh alinambia wazi kuwa lina mazungumzo. Mimi nimechukua salam kwa sababu haina mgogoro kwa mtu yeyote. Nimeuza hivyo, na nimelala.

Tizama suali lako moja limetufikisha wapi. Hadithi, kilimo, desturi ya soko, khitilafu za maimamu. Mchumaji aliyekaa juu ya mkarafuu anaijua rangi ile ya waridi kuliko mwanazuoni yeyote, na mwanazuoni anaijua hukumu kuliko yeye. Hawa wawili wanasali safu moja na hawajawahi kukaa pamoja.

Mkunga wa Wete

Naongeza dogo tu kwa wale wanaouliza kila siku elimu ya dini au ya dunia. Ghazali huyo huyo, katika Ihyaa hiyo hiyo, anahesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, mji ukikosa tabibu wote wanaingia katika dhambi. Na akawalaumu watu wa zama zake: miji mingapi haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu, na wanafunzi wamejazana katika fiqhi wanagombania khitilafu. Usiku wa manane, mama anatoka damu, mume amesimama mlangoni anasema hataki daktari mwanamume. Namuuliza, binti zako wako darasa la ngapi, na nani kati yao anasoma sayansi? Nimeshauliza hivyo zaidi ya mara moja.

Ukhti wa Mwembetanga

Dada yangu Mkunga, Mwenyezi Mungu akulipe. Hili lako lingefaa lisomwe kwenye kila darsa ya akinamama.

Baharia wa Kojani

Nimerudi. Nimesoma yote, nimewasomea na wenzangu chomboni.

Nimezungumza na tajiri. Hakukasirika. Amesema yeye mwenyewe hakujua, na yuko tayari tukae kwa sheikh sote wawili, mimi na yeye, tuandike mkataba wa ushirika. Tumepanga baada ya bamvua.

La darsa, nimefikiria hivi. Mbaamwezi ikiwa kali, dagaa hatuendi, vyombo viko juu pwani na watu wamekaa wanacheza bao. Siku hizo kila mwezi zipo, hazikosi. Nimemwendea maalim wetu nikamuomba aweke darsa ya wavuvi siku hizo, baada ya Isha. Amekubali. Ameuliza tunataka kuanza na nini, nikamwambia mgao wa chombo: fungu la mwenye chombo, la mashine, la nyavu na la mabaharia, maana hapo ndipo tunapogombana. Amesema atatafuta mlango wa ushirika aje nao.

Mkulima, hicho Abu Shujaa nakipata wapi chenye tafsiri ya Kiswahili pembeni? Chake Chake kipo, au niagizie Unguja?

Mkulima wa Mgelema

Allahu akbar. Uliza kwanza maduka ya vitabu vya dini hapo Chake, wakikosa nitamuomba Mzee wa Malindi akutizamie Unguja. Na ukishakipata usisubiri mbaamwezi, kianze nyumbani na mkeo.

Mzee wa Malindi

Nitakitizama kesho baada ya Adhuhuri. Niandikie pembeni unataka nakala ngapi, kwako na kwa wenzako wa chomboni, nitazituma na boti ya asubuhi.